Mbwa, nyoka, kasuku: nani wa kuita Lubumbashi, na la kufanya kabla hajafika

Jumapili moja, jua likizama, mtoto wa jirani yangu hapa Katuba alitumwa makala (makaa) avenyu ya pili. Alirudi bila makala, ameshika kigimbi cha mguu, damu inapita katikati ya vidole. Nilipofika nilimkuta bibi yake ameshasaga pilipili na chumvi. Kijana mmoja alikuwa amekwenda na nondo kumtafuta mbwa, amkate manyoya ya mkia, yachomwe, majivu yapakwe kwenye kidonda. Wote pale walimpenda yule mtoto kweli. Lakini hakuna aliyekuwa ameshika sabuni.

Mimi ni reko, yule mtu wa afya anayepita parsele (kiwanja cha nyumba) kwa parsele. Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Mnyama akitusumbua, tunamwita nani?" Katika jiji letu hakuna mlango mmoja wa mambo ya wanyama. Mbwa ana mlango wake, nyoka ana wake, sokomutu (sokwe) na kasuku wana wao. Na kabla hujafika mlango wowote kuna dakika kumi au ishirini ambazo ziko mikononi mwako peke yako. Nimeona watu wakipona au wakiharibika ndani ya dakika hizo, kwa hiyo naanza na hizo.

Umeumwa na mbwa au paka

Maji na sabuni, dakika 15 ukitazama saa. Usikadirie kwa moyo, maana dakika 15 za kumshika mtoto anayelia ni ndefu kuliko unavyofikiri. Yule mtoto tulimkalisha kwenye beseni, mama yake akawa anamwaga maji kwa kopo, mimi natia sabuni ya kipande kwenye jeraha, naosha, natia tena. Tulimaliza kidumu kizima cha lita 20. Kirusi cha kichaa cha mbwa, ambacho wengi hapa tunakiita raje, kinakaa kwenye mate ya mnyama. Sabuni inakiua na maji yanakiondoa kabla hakijashika mishipa ya fahamu. Ukimaliza, paka betadine kama ipo. Pilipili, chumvi, petroli, mafuta ya breki na majivu ya manyoya vinachubua nyama na kukifungulia kirusi njia. Usifunge kidonda kwa nguvu, na usikubali kishonwe haraka kabla munganga (daktari) hajaamua habari ya serumu, dawa ya kinga nitakayoitaja chini.

Mkwaruzo wa kucha unahesabika. Mbwa kukulamba mahali penye kidonda, au mate yake kuingia jichoni au mdomoni, nako kunahesabika. Nimesikia mara nyingi "haikutoka damu nyingi". Wingi wa damu haukwambii kama mate yameingia.

Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata usiku. Kichaa cha mbwa kikishaanza kuonyesha dalili kwa mtu, karibu hakuna anayepona, duniani kote, hata kwenye hospitali tajiri. Lakini mara nyingi kinakawia miezi miwili au mitatu mwilini kabla ya kuonekana, na hapo katikati chanjo inafanya kazi vizuri sana. Ukichelewa wiki moja, nenda. Ukichelewa mwezi, nenda bado.

Kituo cha kwanza tulichokwenda na yule mtoto walituambia chanjo imekwisha, turudi Jumatano. Hatukungoja Jumatano. Ukijibiwa hivyo, omba wakuandikie karatasi ya kukuelekeza mbele, uliza kwenye ofisi kuu ya zoni yako ya afya, uliza Hospitali ya Jason Sendwe, uliza Kliniki za Chuo Kikuu, uliza maduka makubwa ya dawa. Ukinunua mwenyewe, uliza chanjo inatunzwa wapi. Inatakiwa kukaa kwenye baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8, na umeme wetu mnaujua. Kama duka halina friji inayowaka, ondoka. Kama lina, beba chanjo kwenye termo yenye barafu, uifunge kwa kitambaa isigusane na barafu.

Chanjo ni za kufuatana. Ratiba moja ni siku ya kwanza, kisha siku ya 3, ya 7, ya 14, na mara nyingi ya 28. Nyingine ni sindano mbili siku ya kwanza, moja siku ya 7 na moja siku ya 21. Fuata ile munganga aliyoanza nayo mpaka mwisho. Inachomwa mkononi karibu na bega, na kwa mtoto mdogo kwenye paja. Matakoni haichomwi. Mama mjamzito na mama anayenyonyesha wanachanjwa kama wengine. Jeraha likiwa refu kwenda ndani, au liko usoni, kichwani au vidoleni, uliza pia serumu ya kichaa cha mbwa, inayochomwa kuzunguka jeraha lenyewe. Ni ghali na ni adimu, lakini ni haki yako kuuliza. Uliza na ya pepopunda.

Sasa yule mbwa. Tafadhali msimuue kama anaweza kufungwa bila mtu mwingine kuumwa. Mbwa au paka aliye mzima anawekwa chini ya macho siku 10. Akiwa na kirusi kwenye mate siku ile aliyouma, ndani ya siku hizo atabadilika au atakufa. Akifika siku ya 10 anakula na kutikisa mkia, munganga anaweza kusimamisha chanjo. Lakini chanjo inaanza leo, na siku 10 zinahesabiwa huku mnachanja. Mbwa aliyekwisha kuuawa kwa mawe anatunyima jibu. Kama amekufa, msiile nyama yake; anayemchuna na kumkata ndiye aliye hatarini kuliko wote, kwa sababu ya mate na ubongo. Mjulisheni mganga wa mifugo kabla ya kumzika, maana ugonjwa unapimwa kwenye ubongo wa mnyama.

Wa kumjulisha ni nani? Chifu wa avenyu na chifu wa kartie (mtaa) kwanza, kisha huduma ya mifugo ya komini (wilaya ya jiji) yako. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina Kitivo cha Tiba ya Wanyama, na wengi waliosomea pale wanafanya kazi hapa hapa mjini. Ukikwama, nenda ukaulize huko. Ukienda kwa chifu, usiende kwa maneno matupu. Andika: avenyu, namba ya parsele, kartie, komini, siku na saa, mbwa wa rangi gani, ana mwenyewe au hana, ameuma wangapi, yuko wapi sasa na nani anamlinda. Andika nakala mbili, moja ipigwe muhuri urudi nayo. Nimeona kesi ya mbwa mmoja ikizunguka wiki tatu kwa sababu kila ofisi ilisema haijaambiwa. Karatasi yenye muhuri ilimaliza maneno asubuhi moja. Ukiombwa malipo popote, omba risiti.

Mwenye mbwa naye asikie. Sheria ya kiraia ya nchi yetu, Kongo, inamwajibisha mwenye mnyama kwa madhara aliyofanya mnyama wake, hata kama alikuwa amepotea au ametoroka. Usimalize jambo kwa kukimbiza mbwa kwa shemeji Ruashi. Mlete, mfunge, onyesha kadi yake ya chanjo, saidia gharama. Mbwa anachanjwa akifika miezi mitatu, anarudiwa kama veterineri (mganga wa mifugo) atakavyokuandikia, kwa kawaida kila mwaka. Tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kichaa cha mbwa. Wiki za kabla yake, pita uulize kama kuna chanjo za pamoja.

Mbwa wanaozurura kwa makundi

Najua hasira ya mama anayetoka sokoni saa moja usiku akakuta mbwa sita kwenye lundo la takataka. Watu wanatupa nyama yenye sumu. Ninaomba mwache, na sisemi kwa kuwahurumia mbwa peke yao. Ile nyama inaokotwa na kuku, na paka wa jirani, na mtoto wa miaka miwili. Na lundo likibaki pale, baada ya miezi michache mbwa wengine wanahamia, wasiojulikana, wasiochanjwa. Ugonjwa huu unakatika pale mbwa 70 kati ya 100 wa mahali wamechanjwa. Kwa hiyo safari ya kwenda komini ibebe maombi mawili kwa pamoja: takataka zitolewe, mbwa wachanjwe. Avenyu yetu tulihesabu mbwa wenye wenyewe, tukachanga, tukamwita veterineri siku moja kwa wote. Bei ya kila mmoja ilishuka.

Nyoka ndani ya nyumba

Jiji letu limejengwa kwenye nchi ya vichuguu. Kuna parsele Annexe na kuelekea Kasapa zenye kichuguu kirefu kuliko nyumba, na ndani ya mashimo yake panya na nyoka wanapangana. Mvua zinapoanza kuelekea Novemba, mashimo yanajaa maji. Kiangazi, moto wa porini unawasukuma upande wa watu.

Ukimwona ndani, toa watoto kwanza. Funga milango ya vyumba vingine na uzibe chini kwa nguo. Fungua mlango wa nje wazi kabisa, usimame mbali hatua tano au sita, umwangalie tu. Nyoka wengi wanatafuta njia ya kutoka. Mtu mmoja abaki kumtazama, kwa sababu nyoka aliyepotea machoni ndiye atakayewanyima usingizi. Msimmwagie petroli, msimkimbize na fimbo fupi. Fira mtemaji anarusha sumu machoni toka mbali hatua mbili au zaidi. Kifutu, yule mnene mfupi, hakimbii. Anajikunja na kupuliza, na anaruka kuuma haraka kuliko mkono wako. Koboko ndiye wa kumwachia nafasi kubwa kuliko wote. Akijificha na haondoki, tafuteni mtu mwenye mazoea ya kushika nyoka. Ulizeni kwenye bustani ya wanyama ya mjini au kwenye ofisi ya ICCN, taasisi ya serikali inayolinda wanyama wa porini. Msimtume kijana wa kartie aliyelewa.

Sumu ikiingia machoni, mimina maji mengi safi dakika 15 au 20, kope zikiwa zimefunguliwa, halafu hospitali. Usisugue.

Ukiumwa, lala. Ndiyo, lala pale pale mara umeshajitenga na nyoka. Kukimbia kunasambaza sumu. Vua pete, bangili, kiatu na soksi kabla mguu haujavimba. Funga mguu au mkono kwenye ubao kama uliovunjika, usitingishike, bila kukaza. Usikate kwa wembe, usinyonye, usifunge kamba ya kuzuia damu, usiweke barafu. Na jiwe jeusi: najua linauzwa, najua nyumba nyingi zinalo kwenye kabati, bibi yangu alikuwa nalo. Linashika kwenye kidonda kwa sababu linafyonza unyevu. Sumu imeshaingia ndani lisikofika. Wanaolisifu ni wale walioumwa na nyoka asiye na sumu, au aliyeuma bila kutoa sumu, na nyoka wa hivyo ni wengi. Kama lazima ulishike, lishike ndani ya gari njiani kwenda hospitali, usilisubiri nyumbani.

Gari ni bora kuliko pikipiki. Kama ni pikipiki tu, mgonjwa akae katikati, mtu wa nyuma amkumbatie, mguu usining'inie ukigonga. Andika saa ya kuumwa kwa kalamu kwenye ngozi yake. Mpige nyoka picha kama inawezekana toka mbali. Usimbebe, hata akiwa amekufa, maana kichwa kilichokatwa bado kinauma. Dawa ya kuzuia sumu, ndiyo serumu ya nyoka, inatolewa hospitali, kwenye mshipa, mbele ya munganga, kwa kuwa mwili unaweza kuikataa kwa nguvu. Usikubali kuchomwa nyumbani na mtu wa dawa.

Fanya jambo hili wiki hii, kabla nyoka hajaja. Pita kwenye hospitali iliyo karibu nawe uulize mezani: "Mnayo serumu ya nyoka? Kama hamna, mnapeleka wapi?" Mwezi wa kumi nilizunguka kuuliza hivyo. Majibu yalinifundisha kwamba hospitali iliyo karibu si lazima iwe ndiyo ya kwenda. Shirika la Afya Duniani liliweka kuumwa na nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, na hapa tunajua maana ya kusahaulika.

Nyumbani, gunia la makala lisikae nyuma ya mlango. Usiingize mkono humo usiku bila taa. Unga uwe kwenye pipa lenye kifuniko, panya wakose chakula. Moskitero ichomekwe chini ya godoro pande zote. Inazuia mbu na nyoka pia, hasa kwa wanaolala chini.

Kasuku, nkaka, sokomutu

Hapa nitasema kwa moyo wote. Siku moja utasimamishwa njiani na mtu mwenye kasuku wa kijivu ndani ya kikapu, mabawa yamekatwa, kinywa wazi kwa joto. Au tumbili mdogo amefungwa waya kiunoni. Utaona huruma, na mkono utaenda mfukoni. Usinunue. Yule mtu atarudi porini wiki ijayo kutafuta wengine wawili, kwa sababu wewe umemwonyesha kuna soko. Mtoto wa sokomutu hapatikani bila mama yake kuuawa, na mara nyingi na wengine waliojaribu kumtetea. Kasuku wa kijivu na nkaka, ambaye kwa Kiswahili sanifu ni kakakuona, tangu 2017 biashara ya kimataifa ya walioshikwa porini imefungwa. Na nchini kwetu sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 inawalinda wanyama wa porini, na adhabu yake ni jela na faini.

La kufanya: usigombane na muuzaji, usimtolee simu usoni. Kariri mahali, saa, mnyama gani, wangapi, gari au pikipiki ya namna gani. Ondoka, kisha peleka habari ofisi ya ICCN. Usiweke picha mtandaoni na jina la avenyu kabla hawajafika. Muuzaji naye ana simu.

Kwa sokomutu, jiji letu lina bahati. Ndani ya bustani ya wanyama ya Lubumbashi kuna kituo kinachoitwa J.A.C.K., kilichoanza mwaka 2006, kinachowalea wale walionyang'anywa wauzaji. Septemba 2022 watu waliingia usiku wakaiba watoto watatu wa sokomutu na kudai pesa ili wawarudishe. Kwa hiyo, ukijua mnyama wa namna hiyo amehifadhiwa mahali, funga mdomo mbele ya watu wa kijiweni.

Na kama mnyama tayari yuko nyumbani kwako, pengine baba mkubwa alimwacha? Usimwachie usiku msituni. Hajui kula mwenyewe, au atarudi kwa watu. Usimpeleke kwa rafiki. Nenda ICCN wewe mwenyewe ueleze alivyofika. Wakati unasubiri, watoto wasimbusu wala kula naye sahani moja. Mafua yetu na kifua kikuu vinamwua sokomutu, na magonjwa yake yanatupata sisi.

Bundi, nyuki, na mnyama aliyekutwa amekufa

Bundi akilia juu ya bati, watu wanatafuta mchawi. Mimi natafuta panya, kwa sababu bundi amekuja kwa ajili yao. Familia moja ya bundi inakula panya wengi sana kwa mwaka. Mwacheni. Popo wakiingia darini, ngojeni watoke jioni, kisha zibeni tundu, ila si wakati wana watoto wasioruka. Popo aliyeanguka usimshike kwa mikono mitupu. Akikuuma au kukukwaruza, rudi kwenye sabuni na dakika 15, kisha kituo cha afya.

Nyuki wakitua kwenye mti kwa fungu, mara nyingi wamepumzika siku moja au mbili. Fungeni mbuzi na mbwa mbali, watoto wasitupe mawe, zimeni jenereta iliyo karibu. Wasipoondoka, mwiteni mrina asali aje jioni. Wakishambulia, kimbia moja kwa moja ndani ya nyumba au gari, funika uso kwa nguo. Usiwapige kwa mikono. Miiba itolewe haraka kwa kukwangua. Mtu akivimba uso au kukosa pumzi, ni hospitali sasa hivi.

Mnyama aliyekufa bila sababu, awe tumbili, swala au panya wengi kwa pamoja, haguswi, haliwi, hauzwi. Mpox ambayo Shirika la Afya Duniani liliitangazia dharura tarehe 14 Agosti 2024 ni ugonjwa uliotoka kwa wanyama, na nchi yetu ndiyo iliyobeba mzigo mkubwa. Mjulishe reko wako au kituo cha afya. Kuku au mbuzi wa kawaida azikwe kina cha mita moja na zaidi, mbali na kisima, juu yake chokaa au majivu, kisha mawe, mbwa wasifukue.

Nyuma ya mlango wangu nimebandika karatasi moja, mwandiko mkubwa, hata mtoto wa darasa la nne anaisoma. Ina simu ya chifu wa kartie, ya muuguzi mkuu wa kituo chetu, ya veterineri, ya dereva wa teksi anayekubali kuamka usiku, ya ICCN, na jina la hospitali iliyonijibu kwamba ina serumu ya nyoka, na tarehe niliyouliza. Kila mwanzo wa mvua napiga namba zote kuona kama bado zinaita. Mwaka huu mbili zilikuwa zimekufa.

Yule mtoto alimaliza sindano zake zote. Mbwa hakupatikana.